Kuzamia Chini ya Barafu kwa Kikundi: Wajibu wa Mshika Kamba

Penginepo, mpiga mbizi akipatwa na tatizo hupanda juu. Chini ya barafu ya ziwa la Kanada, Ufini au Urusi, juu kumefungwa: mlango ni tundu moja, na njia ya kulirudia ni kamba. Kwa hiyo usalama hautegemei ustadi wa aliye majini peke yake, bali pia uangalifu wa aliyesimama juu.

Majukumu hugawanywa kabla ya mtu yeyote kuvaa. Panahitajika msimamizi, mshika kamba kwa kila kamba iliyo majini, wapiga mbizi, na mpiga mbizi wa akiba anayekaa ukingoni akiwa tayari kuingia mara moja. Kamba ya huyu wa akiba huwa ndefu kuliko za wenzake.

Unene wa barafu hupimwa sehemu kadhaa. Sentimita 10 za barafu ngumu hubeba mtu anayetembea. Kikundi chenye mitungi na hema huhitaji zaidi. Tundu hukatwa kwa umbo la pembetatu, kwa sababu kona humpa mtu pa kuegemeza mikono anapojiinua. Theluji huondolewa kwa mistari inayoelekea tunduni, ili mwanga unaopenya umwonyeshe aliye chini njia.

Baridi huathiri vifaa pia. Maji yanayogusa barafu hukaribia nyuzi 0, na hewa ya mtungini hupoa zaidi inapotanuka. Regulata, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, inaweza kuganda ikiwa wazi na kumwaga hewa mfululizo. Kwa hiyo hubebwa regulata mbili, kila moja na vali yake, na haipumuliwi nje ya maji, maana unyevu wa pumzi huganda. Theluthi ya hewa ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho ni ya dharura.

Mshika kamba haachi kamba ilegee, hapigi soga, wala hamwachii mwingine nafasi yake bila makabidhiano. Ishara za mivuto hukubaliwa na kufanyiwa mazoezi kabla ya mbizi. Isiyojibiwa huhesabiwa kuwa dharura. Aliyeachana na kamba hupanda taratibu hadi kwenye barafu na kungoja hapo, bila kuhangaika kutafuta tundu. Mpiga mbizi wa akiba hunyoosha kamba yake yote na kuogelea kwa mduara, ili kamba imfikie aliyepotea.

Kila mwanakikundi ana haki ya kusitisha mbizi bila kudaiwa sababu wala kudharauliwa. Msimamizi anayemsukuma mwenzake anayesita aingie amekiuka maadili ya kazi.

Kazi haiishi mpiga mbizi wa mwisho anapotoka. Tundu huwekewa uzio na alama zinazoonekana kwa mbali, kwani usiku mmoja hutosha kulifunika kwa utando mwembamba wa barafu na theluji, na asubuhi hupita mvuvi asiyejua kwamba palikatwa.