SOMO LA 9: KIJANA ANAPOUGUA AKILI

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 17 hapa Goweko. Alikuwa hodari wa kazi. Siku hizi mama yake akimwambia, "Chota maji, fungulia mbuzi, kisha upeleke karanga stesheni," anachota maji tu. Halafu anakaa. Baba anasema, "Amekuwa mvivu." Jirani anasema, "Amerogwa." Lakini huenda kijana huyu ni mgonjwa.

Dalili

Kuna ugonjwa wa akili uitwao saikosisi. Mara nyingi huanza wakati wa ujana. Mgonjwa husikia sauti za watu ambao hawapo. Huamini kwamba watu wanataka kumdhuru. Husema maneno yasiyofuatana. Hujitenga na wenzake, haogi, halali vizuri.

Dalili hizo watu huziona upesi. Lakini ugonjwa hupunguza pia nguvu ya kufikiri. Mgonjwa husahau alichoambiwa sasa hivi. Hushindwa kusikiliza kwa muda mrefu. Hushindwa kupanga kazi: ipi ianze, ipi ifuate. Ndiyo sababu yule kijana alichota maji tu. Kazi tatu zilimpotea kichwani.

Matibabu

Mpeleke mgonjwa zahanati mapema. Akihitaji zaidi, ataandikiwa kwenda hospitali kubwa. Tabora mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe, ambayo hutibu magonjwa ya akili.

Akichanganyikiwa ghafla na ana homa, asingoje kesho. Huenda ni malaria kali. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali mara moja.

Usimfunge kamba wala usimpige. Mzuie asivute bangi, maana humzidishia ugonjwa. Asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Amwulize kwanza mganga wa hospitali.

Kazi ya nyumbani

Dawa hupunguza sauti na hofu. Lakini kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo havirudi upesi hivyo. Wengine hubaki na shida hiyo kwa muda mrefu. Hapa ndipo jamaa wanapohitajika:

1. Mpe kazi moja tu kwa wakati. Akimaliza, mpe nyingine.
2. Mwambie kwa maneno machache. Mwombe ayarudie.
3. Kazi ya kila siku ifanyike saa ile ile.
4. Akimaliza, mshukuru. Akikosea, mwonyeshe tena bila kumcheka.

Leo amenye karanga debe moja. Akizoea, aongezewe kuzipeleka stesheni. Hivyo kijana atarudi polepole katika kazi, na watu watamhesabu tena kuwa mwenzao. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kijana alichota maji tu?
2. Taja dalili tatu za ugonjwa huu.
3. Je, katika kijiji chetu yuko kijana anayeitwa mvivu au mwendawazimu? Tumsaidieje?