Usingizi wa Mjitolea wa Uokoaji

SWALI: Msomaji wa Rubona, wilayani Rubavu, anauliza amsaidieje mumewe, dereva wa pikipiki na mjitolea wa uokoaji, ambaye tangu mafuriko ya Mei 2023 huamka kila mvua inapopiga mabati, huweweseka, hulala na simu chini ya mto, hunywa pombe ili apate usingizi, na amekuwa mkali kwa watoto.

JIBU: Hali hiyo huwapata wengi wanaoitwa usiku kuokoa wenzao, wawe wazimamoto au wanakijiji waliojitolea, na si udhaifu wala kurogwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na maporomoko ya udongo kuzikumba wilaya za magharibi na kaskazini mwa Rwanda, walifariki watu zaidi ya 130. Miaka miwili kabla yake, Rubavu ilitikiswa na matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021. Ubongo uliopitia usiku wa namna hiyo huisikia mvua kama wito, na homoni za tahadhari, yaani kemikali zinazoupeleka moyo mbio, humwagika kabla mtu hajatambua kuwa yu macho.

Hata hivyo, kinachomnyima mjitolea usingizi zaidi ni kungoja. Anayejua kwamba simu yaweza kulia saa yoyote hulala usingizi mwepesi hata usiku ambao haikulia, na tofauti na askari wa zimamoto anayepangiwa zamu na mapumziko, mume huyu alfajiri hubeba abiria macho yakiwa mazito, jambo la hatari kubwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya kikundi kizima: zamu za usiku zipangwe, hata katika mkutano unaofuata umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, wa mwisho wa mwezi, ili asiye zamu azime simu akijua kwamba mwenzake yuko macho.

Pombe humlaza mtu upesi, lakini hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, penye ndoto nyingi. Aipunguze, na aamke saa ileile kila siku, hata akilala vibaya.

Kuweweseka na ukali vinavyopita mwezi mmoja baada ya maafa vyaweza kuwa dalili za msongo wa baada ya kiwewe, maradhi ya akili yanayotibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine kwa dawa. Mume huyu aanzie kituo cha afya, kitakachompa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, penye huduma ya afya ya akili, na ni vyema mkewe aandamane naye, kwa kuwa ndiye anayeyaona ya usiku. Akitaja kutamani kufa, kusisubiriwe asubuhi: apelekwe hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake njiani.