Daktari Aliyefundishwa na Akina Mama

Tukisikia daktari amekwenda kufanya kazi ng'ambo, tunadhani amekwenda kufundisha tu. Kumbe naye hufundishwa.

Mwaka 1956 Dk. David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza, alifika katika hospitali ya misheni mjini Ilesha, Nigeria. Kumtibu mtoto mmoja mmoja wodini alikujua vizuri. Lakini huku ukambi na utapiamlo viliwamaliza watoto vijijini, wengine hata hospitali hawajaiona. Basi katika kijiji cha Imesi kazi ya kliniki ikashikwa na wauguzi, na watoto wa chini ya miaka mitano wakawa wanapimwa uzito, wagonjwa kwa wazima. Uzito ulitiwa alama kwenye kadi. Mstari ukilala, kuna hatari, hata kama mtoto bado anacheza.

Na kadi haikufungiwa kabatini. Mama aliitunza nyumbani. (Hapa sisi wa kazi za jamii tuna aibu kidogo: tumewahi kuwanyima akina mama kadi, eti wataichafua.)

Aliporudi London, Morley aliwafundisha madaktari wengine yale aliyoyapata Nigeria. Mchoro wa uzito ulio katika kijitabu chetu cha kliniki una asili moja na kadi ile.

Swali la kikundi: Je, mama wa kwenu ameelezwa maana ya ule mstari, ama huambiwa tu, "Rudi mwezi ujao"?