DARUBINI ILIYOKWISHA KUTUMIKA: TUIKAGUE KABLA YA KUTOA FEDHA

Ndugu wanakisomo, katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi, kama Robanda na Natta wilayani Serengeti, na katika kata za Gorong'a na Nyanungu wilayani Tarime, mahindi yakianza kukomaa watu hawalali. Tembo hutoka hifadhini giza linapoingia, na usiku mmoja tu hutosha kumaliza shamba la mwaka mzima. Wakionwa wangali mbali, upo muda wa kuwaita askari wa wanyamapori, kuwasha tochi na kupiga madebe. Wakionwa wamekwisha ingia shambani, basi tena.

Ndiyo sababu walinzi wa mashamba huchanga fedha wakanunua darubini. Mpya ni ghali, kwa hiyo hutafuta iliyokwisha kutumika. Kikundi kimoja tunachokifahamu kilinunua yake mnadani, saa sita mchana, jua kali. Kila mmoja aliitazama akasifu. Jioni ya kwanza lindoni hawakuona kitu ila weupe kama moshi, na tembo walikuwa wamefika kwenye mtama. Nasi tulikuwepo siku ya kununua, tukasifu pamoja nao.

Tuanze na namba, maana kusoma tunajua. Juu ya darubini huandikwa, kwa mfano, 8x40. Namba ya kwanza yaonyesha inasogeza kitu mara ngapi: tembo aliye mita 400 ataonekana kama yuko mita 50. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Sasa gawa 40 kwa 8. Jibu ni 5. Hiyo ndiyo milimita ya mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Gizani, mboni ya jicho la kijana hufunguka kufikia kama milimita 7. Ya mzee hufunguka kidogo kuliko hapo, kama 5 hivi. Darubini ya 7x50 hutoa 7, nayo ni nzuri sana kwa jioni. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa 2 na nusu tu. Mchana utaipenda, jioni utaitupa. Wauzaji husifu namba ya kwanza kubwa, ati inaona mpaka ng'ambo ya mto. Kumbe ikipita 10, hata mkono ukitetemeka kidogo tembo anaruka ruka machoni.

Sehemu zake si nyingi. Mbele kuna vioo vikubwa viwili vya kukusanya mwanga. Nyuma kuna vidogo vya kutazamia. Katikati ya kila bomba mna vioo vya pembe pembe viitwavyo prisma. Bila hivyo ungemwona tembo miguu juu. Gurudumu la kati hukaza picha ya macho yote mawili, na pete iliyo kwenye jicho moja, mara nyingi la kulia, husahihisha tofauti ya macho yako. Mtu akikurudishia darubini "mbovu", tazama kwanza pete hiyo. Huenda mwenzako ameizungusha tu.

Haya, tukague uchakavu. Igeuze, vioo vikubwa viwe upande wako, kisha mulika tochi kwa nyuma. Vumbi kidogo si neno. Lakini ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huota darubini ikifungiwa mkobani ingali na unyevu wa masika, na hula uso wa kioo. Hata fundi akiifuta, alama hubaki. Hiyo ndiyo iliyokuwamo katika darubini ya kikundi chetu. Mchana mwanga ni mwingi, hivyo weupe wake haukuonekana.

Tazama pia rangi. Kioo kizuri kikielekezwa dirishani hung'aa zambarau, buluu au kijani, kwa sababu kimepakwa dawa nyembamba ya kupitisha mwanga. Kioo kisicho na dawa hiyo hurudisha nyuma kama sehemu 4 kwa kila 100 za mwanga, kwenye kila uso. Nyuso zikiwa kumi, karibu theluthi ya mwanga imepotea. Dawa huondolewa na sisi wenyewe kwa kufuta na pindo la shati. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Puliza kwanza, kisha futa polepole kwa kitambaa safi cha pamba.

Itikise. Ikilia ndani, kitu kimelegea. Halafu tazama paa la bati lililo mbali, ukiondoa darubini machoni polepole. Mstari wa paa ukiwa juu kwenye jicho moja na chini kwenye jingine, prisma imehama. Utaona tembo wawili badala ya mmoja, na kichwa kitauma. Hiyo iache. Gurudumu zito, kwa upande mwingine, ni grisi iliyokauka, na fundi huiweza. Usitie mafuta ya kupikia wala ya gari, yatatambaa mpaka kwenye vioo.

Na jua usilitazame kamwe kwa darubini; jicho huungua mara moja.

Mnadani unaweza pia kuuziwa bomba moja lenye alama ya msalaba ndani. Hiyo ni darubini ya bunduki. Vioo vyake huchakaa vile vile, lakini haitufai lindoni, na bunduki ina leseni yake. Mrudishie mwenyewe.

Mwisho, mwombe muuzaji akusubiri mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Tazama kivuli cha chini ya mti ulio mbali. Akikataa kusubiri, bakini na fedha zenu.

ZOEZI
1. Darubini moja ni 7x35, nyingine ni 12x30. Ipi itafaa zaidi jioni? Onyesha hesabu.
2. Tembo yuko mita 700. Kwa darubini ya 7x35 ataonekana kama yuko mita ngapi?
3. Taja uchakavu mmoja ambao fundi anauweza, na mmoja asiouweza.