Mbona wengi wanakwepa SHA?

Swali: Daktari, nauza mboga Kisumu. Kila mtu huugua, mbona wenzangu hawataki kulipia bima ya afya ya serikali, SHA?

Jibu: Dada yangu, hawakatai tiba, wana shaka na wanaoshika fedha. NHIF, bima iliyoitangulia SHA na kuondolewa Oktoba 2024, iliandamwa na kashfa miaka mingi, na SHA imerithi shaka hiyo. Waajiriwa nao hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo. Zamani, chini ya NHIF, kiwango cha juu kilikuwa shilingi 1,700. Lakini mzigo wako ndio unaoniuma zaidi: unadaiwa mchango wa mwaka mzima, na wewe unapata riziki ya siku kwa siku. Tena tumezoea harambee mtu akishalazwa. Kulipia ugonjwa ambao haujaja, wengine huona ni kuuita.