Sombe ao shu?

Mama, ku soko shu inapendeza macho, na wengine wanasema sombe ni mboga ya masikini. Wanakosea. Katika gramu 100 za majani mabichi ya muhogo muko karibu gramu 7 za protini. Katika shu muko gramu 1 tu na kidogo. Vitamini A, ile inayolinda macho, iko nyingi katika sombe. Shu si mbaya, lakini sehemu kubwa ni maji.

Ila sombe mbichi iko na sumu. Uitwange sana, uichemshe muda mrefu bila kufunika chungu. Tia mawese. Mutoto aliyeachishwa ziwa umupe pamoja na karanga ao ndagala, maana ndiye bwaki inamupata kwanza: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi.