Fomu ya Matibabu ya Chuo Isiachwe Wazi: Mwongozo kwa Wanafunzi Wenye Selimundu

Barua ya kujiunga na chuo huja na fomu kadhaa, na mojawapo ni ya matibabu, inayojazwa na daktari. Katika nyumba nyingi za Kilifi zenye kijana anayeishi na selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, fomu hiyo huzua mjadala. Mzazi huogopa kwamba mwanawe atanyimwa nafasi, au ataonekana mgonjwa kabla hajaonekana mwanafunzi. Basi sehemu inayouliza kuhusu magonjwa ya kudumu huachwa wazi.

Hofu hiyo inaeleweka, ila inamgharimu kijana mwenyewe. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa hali ya afya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zisizofaa kusambazwa ovyo. Kinachoweza kumtoa mwanafunzi chuoni ni mitihani aliyokosa huku faili yake ikiwa haina neno lolote kuhusu ugonjwa.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120. Ya mwenye selimundu hupinda kama mundu na huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu yake huwa chini kila wakati. Chembe hizo zikikwama katika mishipa midogo, maumivu makali hushika mgongo, kifua au miguu, na yanaweza kumlaza mtu siku kadhaa. Hayaulizi ratiba ya mitihani.

Hapa ndipo kanuni za chuo zinapohitaji kusomwa kwa makini. Vyuo vikuu vingi nchini vina mtihani maalum na mtihani wa marudio, na watu huvichanganya. Mtihani maalum ni wa aliyekosa kwa sababu inayokubalika, kama ugonjwa, na hupewa alama zote alizopata. Wa marudio ni wa aliyeanguka, na mara nyingi alama zake haziruhusiwi kupita kiwango cha chini cha kufaulu, hata akijibu vizuri namna gani. Mwanafunzi aliyelala hosteli siku tatu akimeza dawa za maumivu, kisha akamwendea mhadhiri kwa maneno matupu, anaweza kuangukia upande huo wa pili. Anayehitaji mtihani maalum apeleke ombi la maandishi kwa idara mapema iwezekanavyo, pamoja na barua ya hospitali. Akiona muhula mzima umemshinda, aombe kuahirisha masomo. Kutoweka kimya kimya huhesabiwa utoro.

Kuna pia suala la mahali. KUCCPS inaweza kumpangia kijana wa Malindi chuo kilichoko Eldoret, yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko si ya kuzoea kwa shati. Baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu na maambukizi ni vichochezi vya maumivu. Sweta nzito na blanketi ni sehemu ya matibabu yake. Ipo pia nafasi ya kuomba uhamisho kupitia KUCCPS dirisha linapofunguliwa. Fomu ikiwa imejazwa, anaweza kuomba chumba cha ghorofa ya chini, ruhusa ya kuingia na chupa ya maji kwenye mtihani, na ya kwenda msalani mara kwa mara, kwa kuwa figo za wengi wenye selimundu hushindwa kuhifadhi maji vizuri.

Wengi wanatumia haidroksiyurea, dawa ambayo Kilifi ina historia nayo: ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika katika utafiti uliochapishwa 2019 ulioonyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Humezwa kila siku na huhitaji vipimo vya damu, hivyo isikatike kwa sababu ya safari. Kliniki ya selimundu katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi iombwe barua ya rufaa kwenda hospitali iliyo karibu na chuo. Barua itaje dozi na kiwango cha kawaida cha damu ya mgonjwa. Daktari asiyemjua anaweza kuona 7 au 8 akakimbilia kumwongeza damu asiyoihitaji.

Mwenzake mmoja chumbani ajue dalili za hatari: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kinachobana pumzi, au upande mmoja wa mwili kulegea. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kabla ya kusafiri, familia ihakikishe usajili na malipo ya SHA yamekamilika, kisha itoe nakala tatu za barua ya rufaa: ya zahanati ya chuo, ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi, na ya kukaa ndani ya begi.